Kwa nini githeri ya Subukia hukawia kuiva

MATATU ya kutoka Nakuru kwenda Nyahururu hupitia Bahati, hukata kona kadhaa, kisha bonde la Subukia likafunguka mbele ya abiria kama mkeka mpana wa kijani. Wengi wanalijua bonde hilo kwa sababu ya hija, kwani hapo ndipo penye madhabahu ya kitaifa ya Bikira Maria, ambako Wakatoliki hufika kwa maelfu kusali na kuteka maji ya chemchemi. Wengine wanalijua kwa maziwa, mahindi na mboga zake. Mimi, mpenzi msomaji, nililijua upya Desemba iliyopita kwa sababu ya sufuria moja ya githeri.

Nilikuwa nimefikia kwa ajuza mmoja, jamaa ya mama yangu, ambaye wakubwa kwa wadogo wote pale kijijini humwita Cucu. Mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu aliyezaliwa na kulelewa Likoni, Mombasa, alikuwa amekuja kula Krismasi. Asubuhi hiyo Cucu alikuwa na safari ya sokoni. Akamwachia binti kazi moja tu: ateleke githeri, achochee moto, na ifikapo adhuhuri chakula kiwe tayari.

Saa tatu kamili sufuria ilikuwa motoni. Saa sita na nusu Cucu akarudi, akavua kanga ya kichwani, akachota punje mbili kwa mwiko na kuzibonyeza kwa kidole. Maharagwe yalikuwa magumu kama changarawe.

"Wewe mtoto, ulilala?"

"La, Cucu. Maji yanatokota tangu saa tatu unusu. Nimetia kuni mpaka macho yananiwasha."

"Basi ulikuwa ukizitia moja moja kama mtu anayetoa sadaka asiyoitaka."

Binti akanigeukia, machozi ya moshi na machozi ya uchungu yamechanganyika. "Huko kwetu Likoni," akasema, "maharagwe yangekuwa yameiva, yameliwa, na vyombo vimeoshwa."

Cucu akacheka cheko la kukataa. Kwake hayo yalikuwa maneno ya mtoto wa mjini asiyejua kuchochea moto. Lakini mimi nilijua binti alikuwa akisema kweli tupu. Na mtu aliyepaswa kumtetea alikuwa ndani ya begi lake mwenyewe, katika kile kitabu cha kemia alichokuja nacho likizo na ambacho, kwa ninavyoona, kilikuwa hakijafunguliwa.

Tuanze na jambo lenyewe. Kupika ni kemia. Ndani ya haragwe kuna chembe ndogo ndogo zilizoshikanishwa na kitu kiitwacho pektini, mfano wa udongo unaoshika mawe ya ukuta. Haragwe haliwi laini mpaka udongo huo uvunjike na wanga uliomo ndani ufyonze maji na kuvimba. Kitendo hicho cha kitu kuvunjika au kuungana na kingine hata pakatokea kitu tofauti, wataalamu wetu wa lugha wamekiita mmenyuko. Na kila mmenyuko una mwendo wake. Baruti humaliza kazi kufumba na kufumbua, ilhali bati la paa huchukua miaka kuliwa na kutu.

Ni kitu gani basi huamua mwendo huo? Molekuli, yaani vile vipande vidogo kabisa vya maji, vya pektini, vya kila kitu, havitulii. Hukimbia, hugongana, huachana. Lakini si kila kugongana huzaa mmenyuko. Mfikirie kijana mwenye baiskeli iliyojaa kabeji, anayetoka Subukia kupandisha ule mteremko wa kuelekea Nyahururu. Akifika mguu wa kilima akiwa na kasi ndogo, atapanda hatua chache, atasimama, na pengine arudi kinyumenyume. Mwenye kasi ya kutosha ndiye atakayefika juu na kuvuka upande wa pili. Molekuli nazo zina kilima chao. Zikigongana kwa unyonge, kila moja hurudi ilikotoka vile vile ilivyokuwa. Zikigongana kwa nguvu inayotosha, zinavuka, na mmenyuko unatokea.

Joto ndilo hutia molekuli mbio. Ukiongeza joto kidogo, idadi ya zile zenye nguvu ya kuvuka kilima huongezeka sana, zaidi ya vile ungedhania. Mswidi mmoja, Svante Arrhenius, aliiweka habari hiyo katika hesabu mwaka wa 1889, akiendeleza kazi ya Mholanzi Jacobus van 't Hoff, ambaye mwaka wa 1901 alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Arrhenius naye akaipata mwaka wa 1903, ingawa yeye alituzwa kwa kazi nyingine. Walimu wetu hufupisha hesabu hiyo kwa kanuni nyepesi: kwa mimenyuko mingi, joto likipanda kwa nyuzi 10, mwendo huongezeka takriban maradufu. Si sheria ya Musa, ni makadirio, lakini yatatufaa hapa jikoni kwa Cucu.

Sasa njoo kwenye sufuria. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyakalia kutoka juu. Mombasa, ufuoni mwa bahari, hewa ni nzito, na maji hayachemki mpaka yafike nyuzi 100. Kadiri unavyopanda bara, hewa iliyo juu yako inapungua, na maji hupata wepesi wa kuchemka mapema. Mjini Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa nyuzi 94 au pungufu kidogo. Nyahururu, penye mita 2,360 hivi, ni nyuzi 92. Subukia iko njiani kati ya miji hiyo miwili, na hesabu yake haiwezi kuwa mbali na 93.

Tofauti ya nyuzi 7 yaonekana ndogo. Hata hivyo, ukiipeleka kwenye ile kanuni ya maradufu, utakuta kwamba mmenyuko unaochukua saa moja na nusu Likoni utachukua karibu saa mbili na nusu Subukia. Kwa mahindi makavu na maharagwe yaliyokaa ghalani miezi mingi, ambayo hata Mombasa yangechukua saa tatu, unakaribia saa tano. Binti hakulala. Hewa ya Subukia ndiyo iliyomponza.

Nilipomweleza Cucu hayo alinisikiliza kwa adabu ya mwenye nyumba, kisha akasema, "Sawa. Basi na aongeze kuni."

Hapo ndipo penye kosa kubwa linalofanywa katika majiko yetu, ya kijijini na ya mjini. Maji yakishachemka, moto mkali hauyaongezei joto hata unyuzi mmoja. Nguvu yote ya ziada huishia kugeuza maji kuwa mvuke na kuupeleka darini. Githeri inayotokota kwa kelele na kufurika hadi kuzima moto iko katika joto lile lile la githeri inayochemka polepole chini ya kifuniko, na zote mbili zitaiva kwa muda ule ule. Tofauti ni kwamba ya kwanza imekula mzigo wa kuni na ya pili imekula nusu yake. Kwa familia za Nakuru au Nairobi zinazonunua makaa kwa mkebe, hili si jambo la darasani. Maji yakichemka, funika na upunguze moto. Basi.

Lakini je, haiwezekani kuyapandisha maji yapite hizo nyuzi 93? Yawezekana, mradi uyarudishie ule uzito wa hewa uliopotea. Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wenzake wa London chombo cha namna hiyo mwaka wa 1679: chungu cha chuma chenye kifuniko cha kukazwa, ambacho mvuke hauwezi kutoka ovyo. Ndiye pia aliyekiwekea vali ya usalama, baada ya kujionea kinavyoweza kupasuka. Hicho ndicho babu wa sufuria ya presha tunayoijua. Ndani yake maji hufika nyuzi 115 hadi 120. Rudi kwenye kanuni yetu: kutoka 93 hadi 117 ni nyuzi 24, na hiyo ni kuongeza mwendo zaidi ya mara tano. Kazi ya saa mbili na nusu inakwisha kwa nusu saa.

Cucu anayo sufuria ya presha. Alinunuliwa na mwanawe wa Mombasa, akaifungua siku moja, ikapiga mluzi, akairudisha katika sanduku lake. Iko juu ya kabati mpaka leo, na juu yake pana picha ya harusi. Sikumlaumu. Mtu aliyepika miaka hamsini bila sufuria kumpigia mluzi ana haki ya kuishuku.

Alichokitumia badala yake ni magadi. Alichukua kipande kidogo kutoka kwenye kopo, akakisaga kwa mgongo wa kijiko na kukinyunyiza chunguni huku akinitazama kama asemaye, je, kitabu chenu kinalijua hili? Kinalijua. Magadi yanayotoka katika ziwa la jina hilo kule Kajiado, ambako yamekuwa yakichimbwa kibiashara tangu miaka ya 1910, ni chumvi yenye asili ya kuua ukali, yaani kinyume cha siki au ndimu. Ndani ya maji ya namna hiyo pektini huvunjika upesi zaidi. Zaidi ya hayo, sodiamu iliyomo hufukuza kalsiamu inayoikaza pektini, na hii ndiyo sababu maji ya kisima yenye chumvi nyingi za chokaa hukawiza maharagwe, na maji ya mvua huyaharakisha. Kwa msingi huo huo, nyanya na ndimu zitiwe githeri ikishaiva, si kabla. Ukali wake huifanya pektini kuwa ngumu kuvunjika.

Magadi yana gharama yake, nami nilimwambia Cucu bila kumficha. Huangamiza vitamini B1, ambayo maharagwe yamejaliwa kuwa nayo kwa wingi, na yakizidi huacha ladha ya sabuni. Dawa isiyo na gharama ni kuloweka usiku kucha. Haragwe lililokwisha kunywa maji halina haja ya kusubiri maji yapenye hadi kwenye kiini chake, na robo au hata nusu ya muda wa kupika huokolewa. Maji ya kulowekea yamwagwe.

Hapa mwanafunzi atauliza: je, mbona Wakamba hupika muthokoi kwa haraka kuliko sisi tunavyopika githeri yenye mahindi mazima? Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa hata yakatoka ganda. Ganda lile ndilo ukuta unaozuia maji. Likiondoka, maji hukutana na wanga moja kwa moja. Kanuni ni kwamba mmenyuko hufanyika pale vitu vinapogusana, na kadiri sehemu ya kugusana inavyokuwa kubwa, ndivyo mwendo unavyozidi. Gogo zima la mti huchukua nusu saa kushika moto. Lipasue vijiti, litawaka kwa kiberiti kimoja. Lisage liwe vumbi, ulirushe hewani karibu na cheche, nalo litalipuka. Msidhani natia chumvi. Mjini Minneapolis, Marekani, tarehe 2 Mei 1878, kinu kikubwa cha ngano kiitwacho Washburn kililipuliwa na vumbi la unga wake chenyewe, na watu 18 wakafa. Wenye vinu vya posho wanaoruhusu wateja kuvuta sigara mlangoni wangefaa kuijua habari hiyo.

Sijamaliza na vichocheo. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa. Kwa mfano wa kijana wetu wa kabeji, kichocheo hakimpi nguvu mpya, bali humwonyesha njia nyingine yenye kilima kifupi. Mwili wa kila kiumbe umejaa vichocheo viitwavyo vimeng'enya. Binti alitaka kukiona kimoja kwa macho, nasi tukafanya jaribio ambalo nyinyi pia mnaweza kulifanya. Nunua chupa ndogo ya haidrojeni peroksaidi, ile ya kuoshea vidonda, katika duka la dawa. Mimina kidogo katika glasi: hutaona kitu cha maana. Tumbukiza kipande cha kiazi kibichi: povu litapanda juu, kwani kimeng'enya cha kiazi kinaivunja peroksaidi na kutoa oksijeni. Sasa chemsha kipande kingine cha kiazi kwa dakika 10, kipoze, ukitumbukize. Kimya. Joto lililosaidia githeri limeua kimeng'enya. Kwa hiyo msemo kwamba joto huharakisha kila kitu una mipaka yake. Macho yasiguswe na dawa hiyo, na watoto wadogo wasiachiwe chupa.

Jioni ilipoingia, kazi ikawa kinyume: sasa tulitaka mmenyuko uende polepole. Cucu ana ng'ombe wawili. Maziwa ya asubuhi huchukuliwa na gari mapema, lakini ya jioni sharti yalale. Bakteria waliomo hula sukari ya maziwa na kutoa asidi, na penye joto zuri huzaana kwa kasi ya kutisha, wakiongezeka maradufu kwa muda usiofika saa moja. Asubuhi mpimaji huchanganya maziwa kidogo na spiriti katika kikombe. Yakigandamana, mkebe mzima unarudi nyumbani, na hakuna malipo. Ada ya shule ya wajukuu wengi bondeni humo imo katika kikombe hicho. Kwa hivyo Cucu huuzamisha mkebe katika karai la maji ya mto, akaufunika kwa gunia bichi na kuuacha barazani penye upepo. Gunia likikauka huchukua joto la mkebe. Hana jokofu, na miaka mingi amekuwa akiwashinda bakteria kwa gunia. Binti aliyaandika hayo kwenye daftari. Mimi pia.

Na sasa, msomaji wangu, niko kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya badala ya yale niliyokuwa nimeahidi.

Githeri ya mchana tuliila saa kumi. Ya kesho yake, ile ya wageni, Cucu aliamua ilale jikoni ikijipikia. Ni desturi ya zamani. Alijaza jiko makaa, yakakolea, akayafukia kwa majivu ili yasiishe upesi, akaweka sufuria juu. Kwa kuwa usiku wa Subukia una baridi ya kuuma, na binti wa Likoni alikuwa akitetemeka ndani ya sweta mbili, jiko liliingizwa katika chumba alicholala yeye na binamu yake wa miaka sita. Moshi haukuwapo. Dirisha likafungwa, na tambara likazibwa chini ya mlango. Mimi nililala nyumba ya pili, na sikujua.

Yatazame majivu yale kwa macho ya kemia. Makaa ni kaboni. Yakipata oksijeni tele, huungana nayo na kutoa kaboni dayoksaidi. Cucu alitaka yaungue polepole, na akajua, bila kitabu, kwamba njia ya kupunguza mwendo ni kupunguza oksijeni inayoyafikia. Hiyo ni kanuni ya ukolezi: kitu kikiwa haba, migongano ni haba. Hapo alipatia. Asichokijua ni kwamba kaboni inayonyimwa oksijeni haiungui polepole tu, bali pia huungua nusu nusu, na badala ya kaboni dayoksaidi hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Kuni zingemkohoza mtoto akaamka. Makaa mekundu yasiyo na moshi humbembeleza.

Ikiingia mapafuni hupita hadi kwenye damu na kushikana na hemoglobini, ile ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kiti kikishakaliwa, oksijeni haina pa kukaa. Moyo na ubongo huanza kufa njaa ya hewa huku mtu akipumua kama kawaida. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, na wengi hudhani ni malaria au chakula kibaya. Aliyelala hapati hata nafasi ya kudhani.

Yapata saa nane usiku binti aliamka akitaka kwenda haja. Kichwa kilimpasuka. Alipojaribu kusimama magoti yalikataa, akaangukia ndoo, na kishindo cha ndoo ndicho kilichomwamsha Cucu. Mlango ulifunguliwa, tukawatoa wote wawili barazani. Binti alitapika, akaanza kusema. Mtoto hakuamka hata alipopigwa maji. Jirani mmoja ana pikapu, na sitausahau mwendo wa pikapu ile usiku huo kupitia Bahati hadi Nakuru, Cucu akiwa nyuma na mtoto kifuani, akiomba kwa sauti.

Hospitalini alivishwa barakoa ya oksijeni. Muuguzi alinieleza, nami nikaona ni kanuni ile ile ya ukolezi, safari hii ikifanya kazi ya kuokoa. Kushikana kwa gesi ile na hemoglobini kunaweza kutenguliwa. Mtu akipumua hewa ya kawaida, ambayo oksijeni yake ni sehemu moja tu kati ya tano, huchukua saa nne au tano kuitoa nusu ya sumu hiyo. Akipewa oksijeni tupu, molekuli za oksijeni zinazogombea kile kiti huwa nyingi mara tano, na nusu ya sumu hutoka kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu. Mtoto alifumbua macho kabla ya mapambazuko. Alichokiuliza kwanza ni kama githeri imeliwa.

Nilirudi na Cucu mchana. Hakusema neno njia nzima. Tulipofika aliingia chumbani, akalitoa jiko kwa mikono miwili, likiwa limepoa, akaliweka nje chini ya mti wa parachichi. Nilimweleza kwa sauti ya chini kwamba desturi yake ya kuiacha githeri ijipikie usiku haina haja ya kufa. Kuna kikapu kilichotandikwa blanketi au matambara mazito pande zote, ambacho akina mama wengi nchini wanakitumia. Githeri iliyolowekwa ichemshwe kwanza kwa nguvu nusu saa au zaidi, hasa ikiwa na maharagwe mekundu, kwani hayo yana sumu yake ya asili ambayo joto dogo haliiangamizi. Kisha sufuria itumbukizwe kikapuni ikiwa inatokota, ifunikwe gubigubi. Joto litashuka polepole mno, na mmenyuko utaendelea masaa mengi bila kaa hata moja. Asubuhi irudishwe motoni itokote tena kabla ya kupakuliwa. Na penye baridi, blanketi la pili ni bora kuliko jiko, hata dirisha likiachwa wazi nusu.

"Na kile chenye mluzi?" akauliza.

Binti alipanda kiti, akaondoa picha ya harusi, akaiteremsha sufuria ya presha. Walikisoma pamoja kile kijitabu cha maelezo, mmoja akitafsiri na mwingine akibisha. Niliondoka Subukia kwa matatu ya saa tisa, na nilipokuwa langoni niliusikia mluzi, kisha sauti ya Cucu ikimwambia mjukuu wake asogee nyuma.

Jumapili ijayo: kwa nini bati la Mombasa hushika kutu mapema kuliko la Subukia, na rangi ipi ya paa inafaa kugharimiwa.